Kofia ya Tangi la Daktari wa Macho

Aliyelitamka jina lile kwanza alikuwa mkata vioo wa duka la pili, na alilitamka akiwa amekwisha kuweka kioo kizima kati yake na mwanamke aliyekuwa akimwita, maana alimjua.

"Mama Supu! Leo umepika samaki gani?"

Mwanamke huyo alikuwa na mbao mbili begani. Alisimama katikati ya njia, akazishusha taratibu, akazilaza zisikwaruzane, ndipo akageuka. Mtaa mzima wa mafundi ulimwita Bi Randa, kwa sababu ya kile chombo cha kulainishia mbao ambacho mkononi mwake kilitoa maranda membamba hata ukaona mwanga upande wa pili. Jina hilo hakuletewa kwenye sahani. Alipoanza alikuwa "binti wa seremala", mfagia maranda ya wengine. Baba yao alipofariki na karakana kukabidhiwa kaka yake mkubwa, akawa "dada wa seremala". Kisha akawa "yule mwanamke". Ilimchukua miaka ishirini ya vitanda visivyolia na milango isiyokwama, pamoja na ugomvi na nusu ya mtaa, mpaka watu wakasema Bi Randa bila kucheka. Na sasa, asubuhi ya Jumatano, supu.

"Umeniitaje?"

"Si mimi, dada. Ni kaka yako. Mimi nimerudia tu kama kasuku."

"Kasuku ana kizimba. Chako kiko wapi nikufungie?"

Mkata vioo akaingia dukani kwake kinyumenyume. Bi Randa akabeba mbao zake, akaenda karakana.

Kaka yake alikuwa amekaa juu ya meza ya kazi, kikombe cha chai mkononi, akipunga miguu kama mtoto. Alikuwa mtu wa watu. Angeweza kukukabidhi kabati lililopinda ukamshukuru, na njiani ukajiona wewe ndiye uliyesimama vibaya. Alimwona dada yake mlangoni, akaacha kupunga miguu.

"Kabla hujasema neno," akaanza.

"Supu ya nini, kaka?"

"Ya daktari wa macho. Ile kofia ya mbao uliyomtengenezea imechemsha tangi lake la samaki. Matumbawe yamepauka, samaki wawili wamekufa. Daktari kamwambia mkuu wa chuo, na mkuu wa chuo kaniambia mimi."

"Lini?"

"Juma lililopita."

"Juma zima. Unakaa hapa, unakunywa chai yangu, na huniambii."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia bila kupigwa nyundo."

"Ukaipata. Ukamwambia mkata vioo."

Kaka akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Ni utani, mdogo wangu. Hasira hasara."

Methali hiyo Bi Randa alikuwa amepewa bure tangu utotoni, na walimu, na wifi zake, na mume aliyemwacha kwa sababu hiyohiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumweleza hasara ya kutokukasirika. Hasira yake haikuwa moto wa karatasi. Ilikuwa ya mkaa: huoni mwale, lakini weka sufuria uone.

Na safari hii alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni jina. Ya pili ni kwamba mkuu wa chuo alikuwa amekubaliana naye kwa mdomo kwamba angetengeneza kofia ya tangi la maabara ya chuo, tangi refu mara mbili ya lile la daktari, kazi ambayo hakuna fundi wa mtaa ule aliyewahi kuigusa. Mkuu huyo alikuwa amenyamaza siku nane, wala simu hapokei. Bi Randa alikuwa amedhani ni ukimya wa wakubwa tu, wa kusubiri sahihi na mihuri. Kumbe ulikuwa ukimya wa supu.

Alichukua mfuko wake wa vifaa, akatoka bila kuaga.

Njiani aliijenga upya ile kofia kichwani, ubao kwa ubao, akitafuta kosa. Wasiojua huona sanduku tu la mbao lililokalia tangi la samaki, lenye mlango mbele na taa ndani. Lakini tangi la daktari halikuwa la samaki wa maji baridi wanaoridhika na balbu moja. Lilikuwa na matumbawe hai, na matumbawe hula mwanga kama mahindi yanavyokula jua. Kwa hiyo alitundika taa tatu kali kwenye bomba la chuma kisichoshika kutu, juu ya maji kwa urefu wa kiganja na nusu. Taa kama hizo zikiwaka saa nane mfululizo ndani ya sanduku lililofungwa, umetengeneza oveni. Aliyajua hayo. Ndiyo maana alitoboa matundu mawili ya mviringo nyuma, juu kabisa, akaweka feni mbili za kutoa joto nje. Na mbele, kwenye mlango wenyewe, sehemu ya chini, akachonga nafasi tano nyembamba, kila moja ndefu kama mkono wa mtu mzima na pana kama kidole, za kuingizia hewa baridi. Ndani alipaka rangi nyeupe ya maboti, akarudia mara tatu, chumvi isile mbao. Nyaya alizishusha kitanzi kabla hazijapanda kwenye soketi, ili tone la maji likiteremka lidondokee sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Kabla ya kuondoka alishika kipande cha karatasi laini mbele ya kila nafasi, na kila mara karatasi ilivutwa ndani kama ulimi wa mtu aliyeungua chai. Hewa ilikuwa inaingia, na ilikuwa inatoka.

Kosa halikuwepo. Basi lipo kwa mtu mwingine, na mtu huyo leo atakoma.

Ukumbi wa kliniki ulikuwa umejaa. Viti vya bluu vilipangwa safu tatu, vyote vikitazama tangi, maana daktari aliamini kwamba mgonjwa anayeangalia samaki hahesabu dakika. Wengi walikuwa na pamba mkononi na macho yanayochuruzika. Mbele ya tangi alipiga magoti mtunza samaki, mwanamume mwembamba aliyekuja pale mara mbili kwa juma. Kwa kuwa nguo zake zilikuwa na madoa meupe siku zote, kila mtu alimwita Chumvi. Alikuwa anazamisha chupa za barafu majini.

"Kipimajoto kinasema nini?" Bi Randa akauliza. Salamu alikuwa ameiacha mlangoni.

"Thelathini na moja, dada. Inatakiwa ishirini na sita." Chumvi hakunyanyua macho. "Kofia yako inapika."

Ndani ya tangi ilikuwa huzuni tupu. Matumbawe aliyoyaacha yakiwa ya zambarau na kijani yalikuwa na rangi ya mifupa iliyooshwa. Samaki mmoja wa njano alikuwa amebaki karibu na uso wa maji, akihema.

Bi Randa alifungua mlango wa kofia. Joto likampiga usoni kama kufungua sufuria ya wali. Juu, feni zote mbili zilikuwa zinazunguka kwa bidii, zimeota ukungu wa chumvi, lakini zinazunguka. Alifunga mlango, akatoa karatasi mfukoni, akaishika mbele ya nafasi ya kwanza. Karatasi ikaning'inia imekufa. Ya pili, vilevile. Alifungua tena, akapitisha kidole upande wa ndani wa mlango, na kidole kikakuta kitu ambacho hakukiweka yeye: plasta ya hospitali, nyeupe juu ya rangi nyeupe, imebandikwa kwa unadhifu mkubwa juu ya nafasi zote tano, kona zimekatwa kwa mkasi.

"Chumvi. Hii umeiona?"

"Nimeiona. Si ndiyo ulivyomalizia?"

"Nimalizie kwa plasta? Mimi natengeneza kofia au nafunga kidonda?"

Watu wawili walicheka kwenye viti. Hapo ndipo mkaa ulipopata upepo. Bi Randa aliugeukia ukumbi mzima, plasta ya kwanza ikining'inia kwenye kidole chake.

"Nani mpumbavu ameziba hapa? Nani hana akili hata ya kuku? Maana kuku huwa anaacha mdomo wazi akisikia joto!"

Kutoka meza ya mapokezi ikaja sauti nyembamba: "Mimi, mama."

Alikuwa muuguzi, msichana wa miaka ishirini na kitu, amebeba chupa ndogo ya matone na karatasi ya majina. Hakukimbia. Pengine hilo ndilo lililomwudhi Bi Randa zaidi, maana alikuwa amejiandaa kumfukuza mtu.

"Wewe? Wamekufundisha uuguzi, au wamekufundisha kuziba pua za watu? Umeua matumbawe yenye umri mkubwa kuliko wewe! Umenipa jina la supu mtaa mzima! Uliuliza? Ulimuuliza nani? Au uliona ufa, ukasema nina plasta, ngoja nijaribu?"

"Wagonjwa walikuwa wanalia, mama."

"Wagonjwa wa macho lazima walie!"

"Walikuwa wanalia kwa sababu ya taa." Muuguzi aliinua ile chupa ndogo waione. "Tunawawekea matone ya kupanua mboni ili daktari aone ndani ya jicho. Mboni ikipanuka haifungi tena. Wanakaa hapa nusu saa, na ule mwanga unatoka kwenye zile nyufa unawachoma. Mzee mmoja alijifunika koti kichwani. Mama mmoja alitapika. Nilimwambia daktari, akasema ni urembo, watazoea. Kwa hiyo nikaziba."

"Mwanga gani? Mimi nimesimama mbele ya kofia hii siku nzima, hakuna mwanga uliotoka."

"Umesimama," muuguzi akasema. "Kaa."

Bi Randa hakuwa mtu wa kukaa. Ilikuwa sheria yake, aliyojitungia mwenyewe wakati ule wa "yule mwanamke": kwa mteja, fundi wa kike akikaa tu, wataanza kumletea mtoto amshike. Kofia alikuja kuiweka Jumapili, kliniki imefungwa, mlinzi akamfungulia. Alifanya kazi wima, alijaribu wima, akaondoka wima. Sasa aling'oa plasta nne zilizobaki, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya kuchana, akafunga mlango wa kofia, akaenda kwenye kiti cha safu ya kwanza, pembeni ya bibi mwenye miwani myeusi, akakaa.

Na akaona. Kutoka kwenye kiti, jicho lilikuwa chini ya nafasi zile, na kila nafasi ilikuwa imeelekea moja kwa moja kwenye taa. Mistari mitano ya mwanga mweupe, mikali kama makali ya patasi, ilikuwa inamtazama usoni. Nyuma yake watu walianza kuguna na kujifunika.

"Unavumilika," alisema, kwa sababu alikuwa bado na hasira.

"Kwako," alijibu bibi mwenye miwani, bila kugeuka. "Jicho lako lina pazia. Letu wameondoa."

"Basi niwekeeni hayo matone."

"Siwezi, mama," muuguzi akasema. "Ni dawa."

Kelele hizo zilimtoa daktari chumbani kwake. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, wa aina ile ambayo haijawahi kulazimika kupayuka ili isikilizwe. "Fundi," akasema, "nashukuru umekuja. Nilitaka kukwambia uiondoe kofia hii."

"Ulitaka kuniambia mimi, ukamwambia mkuu wa chuo. Ulipotea njia?"

"Alikuja kupimwa, akaona tangi, akauliza. Ningesema nini?"

"Ungesema hujui! Ungesema utamwita fundi aje aangalie! Unywele ukianguka kwenye chakula unamwita mpishi, humtangazi sokoni! Sasa nipime macho."

"Samahani?"

"Nina miaka hamsini na moja, sijawahi kupimwa macho hata siku moja. Mimi ni mgonjwa. Nitasubiri zamu yangu, sitaki upendeleo. Niandike."

Daktari alimtazama muuguzi, muuguzi akatazama karatasi yake ya majina, na bibi mwenye miwani akasema, "Mpe zamu yangu. Mimi nimekuja leo kusubiri, na hapa nina la kutazama, ijapokuwa sioni."

Akapimwa kama watu wengine. Alisoma herufi mpaka mstari wa saba, akapulizwa upepo kwenye mboni, akaambiwa macho yake ni ya msichana. Kisha muuguzi yuleyule aliyetukanwa akamwinamisha kichwa, akamwekea matone mawili kila jicho. Yaliwasha. Hakuna aliyesema pole.

Kwa robo saa alikaa, amekunja ngumi mikono yote miwili, akiona ukumbi unavyomvunjikia. Kwanza herufi kwenye mfuko wake wa vifaa ziliyeyuka. Kisha vidole vyake mwenyewe vikawa na ukungu. Kisha ile mistari mitano ikaanza kukua. Haikuwa mistari tena. Ilikuwa misumari, na kila mmoja ulikuwa unapigiliwa ndani ya kichwa chake mahali palepale. Alifumba, akauona bado kwa ndani, mwekundu. Machozi yakamtoka bila ruhusa. Akajilazimisha kufumbua na kuhesabu hadi ishirini. Alifika kumi na moja.

"Shetani wewe," alisema kwa sauti ya chini. Bibi alidhani anatukanwa yeye. Lakini Bi Randa alikuwa anajisemea. Alikuwa amewapimia samaki hewa, akayapimia matumbawe mwanga, akazipimia mbao chumvi. Waliokuwa wanakaa mbele ya kile kitu kutwa nzima hakuwapimia chochote. Hakuwa hata ameuliza ni akina nani.

Akasimama. "Chumvi! Njoo uwe macho yangu. Kwenye mfuko kuna vipande vya ubao mwembamba, na utepe mweusi wa umeme. Zima taa kwanza."

"Si tuzibe tu, dada, tukatoboe juu—"

"Ukiziba tena nitakuziba wewe. Sikiliza. Mwanga ni mjinga, unakwenda moja kwa moja. Hewa ina akili, ukiiwekea kona inapinda. Tunaiwekea kona. Nyuma ya kila nafasi, ndani, simamisha kipande kimoja wima. Kiache vidole viwili kutoka mlangoni. Chini kishike mbao, juu kiwe wazi. Hewa itaingia, itagonga, itapanda, itavuka kwa juu. Mwanga utagonga na kubaki hukohuko."

"Kwa urefu gani?"

Hilo ndilo swali ambalo siku nyingine angelijibu kwa jicho. Jicho halikuwepo. Alisimama pale mlangoni mwa kofia yake mwenyewe akipapasa kama mwizi gizani, na hasira ikamfanya apige konde mlango, ukalia.

Ni bibi aliyesema: "Sisi tutawaambia. Si tunaona tunachotaka kutokuona?"

Ikawa hivyo. Chumvi alishikilia kipande cha kwanza kwa mkono, taa ikawashwa, na safu tatu za watu wenye mboni kubwa kama za paka wakawa ndio rula.

"Bado! Inanichoma hapa kulia!"

"Pandisha, Chumvi, pandisha! Unalalia?"

"Hapo sawa kwangu. Wewe wa nyuma?"

"Wa nyuma tunaona ukingo kidogo."

"Vaa kofia basi!"

"Ukiwa na mke mkali kama huyu fundi utazoea vya kuchoma—"

"Nakusikia," Bi Randa alisema. "Sikuoni, lakini nakusikia. Nusu kidole zaidi, Chumvi. Weka alama hapo. Skurubu ni zile zisizoshika kutu, mfuko wa pembeni. Ukiweka ya kawaida nitaisikia kwa harufu."

Alifunga skurubu nyingine mwenyewe, kwa kupapasa. Walivika kila kipande utepe mweusi ili mwanga usirukeruke kwenye weupe na kuteleza nje. Kipande cha tano kilipokaa, Chumvi akafunga mlango, akawasha taa zote tatu. Ukumbi ulingoja. Bi Randa alikaa tena kwenye kiti chake, akafumbua macho, akahesabu hadi ishirini. Akafika arobaini. Mbele yake kulikuwa na tangi linalong'aa kwa ndani, bila umbo, kama taa iliyofunikwa kwa shuka, na juu yake giza la mbao.

"Imeota kope," mtu alisema nyuma, na ukumbi ukacheka.

"Shika karatasi," Bi Randa alimwambia muuguzi. "Mbele ya nafasi ya kwanza. Inafanya nini?"

"Inavutwa ndani."

"Ya pili?"

"Inavutwa."

Alitaka zote tano. Baada ya hapo wagonjwa waliingia na kutoka kwa daktari kama kawaida, na kila robo saa Chumvi alisoma kipimajoto kwa sauti. Thelathini na moja. Thelathini na nusu. Thelathini kasoro. Samaki wa njano aliacha uso wa maji, akashuka kidogo. Matumbawe mengine yangekufa hata hivyo. Chumvi alisema theluthi moja huenda ikarudi na rangi, kwa miezi. Hakuna aliyeshangilia.

Daktari alitoka akifuta mikono. "Kazi nzuri sana, fundi. Basi, yameisha."

"Kwako. Chukua simu, mpigie mkuu wa chuo. Hapa hapa, kwa sauti, nisikie."

"Nitamwandikia ujumbe jioni."

"Ulinipaka matope kwa mdomo. Utanifuta kwa mdomo."

Wengine waliguna kwa kukubali. Lakini bibi mwenye miwani akamgonga goti kwa kidole kikavu. "Na wewe je? Huyu binti umemwita mpumbavu mbele yetu sote. Umemwita kuku."

"Nimesema kuku ana akili kumzidi."

"Ndiyo nafuu hiyo?"

Hasira ya Bi Randa ilikuwa palepale, haijapoa hata nyuzi moja, na kuomba radhi ukiwa na hasira ni kama kumeza mfupa. Aligeukia mahali alipodhani muuguzi amesimama.

"Binti. Uliona watu wanaumia ukafanya jambo. Mimi sikuona, na daktari wako aliambiwa akalala. Kati yetu watatu, mwenye akili alikuwa wewe, ingawa plasta ilikuwa ujinga. Neno lile nalirudisha."

"Nimelipokea, mama," sauti ilijibu kutoka upande mwingine kabisa, na hata Bi Randa mwenyewe karibu acheke.

Daktari hakuwa na pa kujificha tena. Akapiga simu, akafungua sauti kubwa. Alieleza vizuri, tena kwa ufupi: kofia haikuwa na kosa la joto, ilizibwa na kliniki, na yeye alisema kabla ya kujua. Mkuu wa chuo alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimefurahi kusikia," ilijibu simu. "Lakini ile kazi yetu tumeshampa kaka yake. Alikuja juzi mwenyewe. Alisema dada yake amejiondoa, mambo ya chumvi yamemshinda. Kesho asubuhi analeta vipimo."

Ukumbi mzima ulisikia. Bi Randa hakupiga kelele. Wale waliomwona asubuhi walisema baadaye kwamba hapo ndipo walipomwogopa.

"Mwambie," alimwambia daktari, "atakayeleta vipimo kesho ni mimi."

"Mambo ya nyumbani yamalizeni nyumbani," ilisema simu. "Mimi nilizungumza na kaka mtu. Akiniambia yeye mwenyewe vingine, nitasikia."

Kliniki haikumruhusu mtu mwenye matone kutoka peke yake. Muuguzi alimuuliza ampigie nani. "Kaka yangu," Bi Randa akasema, akataja namba ya karakana kwa kichwa, tarakimu kwa tarakimu, kama mtu anayepigilia.

Alikuja akipiga mluzi. Ukumbi ulimtazama, kwa kadiri ulivyoweza, na mluzi ukakatika. "Mbona wananiangalia hivi?" alinong'ona.

"Wana mboni kubwa," dada yake alisema. "Nipe mkono."

Bi Randa alimshika juu ya kiwiko, pale ambapo mfupa uko karibu, wakatoka. Nje hakukuwa na mtaa. Kulikuwa na weupe tu, na sauti ndani yake. Miguu yake ilitafuta kila ngazi. Tangu utoto hakuwahi kuongozwa na mtu, na aliyekuwa akimwongoza sasa ndiye aliyemwuza. Aliukaza mkono.

"Unaniumiza."

"Ulimwambia mkuu wa chuo nimejiondoa."

"Alikuwa ampe mtu wa nje. Nilitaka kazi ibaki nyumbani. Ningekwambia."

"Lini?"

"Baada ya kuanza."

"Ungeanzaje? Unajua feni inavuta au inasukuma? Unajua kiganja na nusu ni kutoka wapi mpaka wapi?"

"Ningekuuliza wewe."

"Hivyo ndivyo unavyofanya tangu baba afe. Mimi najua ndani ya kabati, wewe unajulikana mlangoni. Na jina la supu?"

"Lile lilikuwa utani."

"Lilikuwa la kunitoa njiani. Simama."

Walikuwa ukingoni mwa barabara kubwa. Magari yalipita karibu kiasi kwamba upepo wake uliinua pindo la gauni lake. "Tuvuke kwanza," kaka alisema. "Taa imeruhusu."

"Mimi sioni taa. Piga simu."

"Hapa? Dada, watu wanatutazama."

"Watazame. Mimi siwaoni." Alisimika mguu kwenye lami kama mtu anayezika nguzo. Nyuma yao watu walianza kurundikana, wakizunguka huku wakilaumu. Dereva mmoja akapiga honi, akatukana, akapita. Taa ilikataza, ikaruhusu tena, ikakataza. Kaka alijaribu kuutoa mkono wake, akakuta umeshikwa na mkono wa mtu aliyesukuma randa miaka thelathini.

Akapiga. Bi Randa aliisikia simu ikilia upande wa pili, kisha sauti ileile ya mkuu wa chuo, ndogo ndani ya kelele za magari.

"Mheshimiwa, shikamoo. Ni mimi, seremala. Kuhusu ile kofia. Dada yangu hajajiondoa. Nilikosea kusema."

"Hukukosea," Bi Randa alisema. "Ulidanganya."

"Nilidanganya, mheshimiwa. Kesho atakuja yeye. Ndiyo, yeye mwenyewe. Mimi?" Alimtazama dada yake, ambaye macho yake meusi yalikuwa yameelekea juu kidogo ya kichwa chake, yanachuruzika, hayapepesi. "Mimi nitambebea mbao."

Akakata. Taa iliruhusu. Bi Randa hakuulegeza mkono, ila aliuinua mguu kutoka kwenye lami.

"Vuka," akasema. "Na usinikimbize."